Kuangalia ndege Luchelele kiangazi hiki na watoto wa shule, inafaa au tusubiri Novemba?

Madam_Nyamagana

Wakuu heshima kwenu, mwangaluka wana Mwanza wote. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nyamagana na ndio mlezi wa klabu ya mazingira, watoto wangu ni wa darasa la tano na la sita. Shule zikifungwa mwezi wa sita kuna kama ishirini hivi wanabaki mjini hawaendi popote, wazazi wameniomba niwatafutie kitu cha kufanya maana mtoto akikaa nyumbani siku nzima ni tv na kuzurura, nikaona niwapeleke ziwani asubuhi moja waangalie ndege. Kuna sehemu naipenda upande wa Luchelele, ukishapita Malimbe kuna majaruba ya mpunga afu ukishuka chini unakutana na mafunjo na ziwa, kila nikipita pale na bodaboda naona ndege wamejaa ila majina siyajui, nikitoa yangeyange na furukombe nimemaliza.

Sasa jamaa mmoja wa mambo ya utalii kaniambia nisihangaike kiangazi, eti ndege wote wa maana wameshaondoka kwenda Ulaya na mpaka mwezi wa kumi na moja ndio wanarudi. Ni kweli hiyo? Maana likizo yetu ni sasa, mwezi wa kumi na moja watoto wako kwenye mitihani. Na darubini hatuna, kamera hatuna, ni macho na madaftari tu. Afu kuna suala la usalama, ziwa ni ziwa na watoto ni watoto. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, nataka warudi wamejifunza kitu, sio kutembea tu juani.

Furukombe_Mkuyuni

Madam hongera sana kwa wazo hili. Mi naongoza watalii, kazi zangu nyingi ni kisiwa cha Saanane na pembezoni mwa ziwa huku kwetu. Huyo jamaa hajakudanganya ila hajakumalizia. Ndege wageni wapo kweli, mbayuwayu wa Ulaya, kitwitwi wa aina nyingi, na wale weupe wadogo wanaozagaa juu ya ziwa wakifuata vidudu vinavyopanda kutoka majini kama moshi, hao wanaondoka mwezi wa tatu na wa nne kwenda kuzaliana Ulaya na Asia na wanaanza kurudi mwishoni mwa mwezi wa nane, wengi utawaona wa kumi na kuendelea. Hata hivyo sio wote wanaondoka, kitwitwi wachache ambao bado wadogo huwa wanabaki huku mwaka wao wa kwanza.

Lakini ngoja nikuulize, ukimpeleka mtoto wa darasa la tano akaone kitwitwi mwezi wa kumi na moja atajifunza nini siku ya kwanza? Wale wakiwa huku wanakuwa wamevaa manyoya ya kijivu na kahawia, hawajavaa yale ya kuzaliana, wanafanana wote na wako mbali kwenye tope, hata watu wazima wenye darubini nzuri wanabishana. Wenyeji ndio wa kuanza nao. Ni wakubwa, wana rangi, wamezoea watu na wapo karibu. Na kiangazi ndio msimu wao kwenye eneo kama hilo, kwa sababu masika imeisha, mpunga unavunwa, maji kwenye majaruba yanapungua na vidimbwi vinabaki na samaki wadogo, vyura na konokono wamebanwa humo, kwa hiyo korongo wanashuka kula. Njia nazo zimekauka, watoto hawazami kwenye matope.

Utakaowaona bila darubini kabisa: mnandi, yule mweusi anayekaa juu ya jiwe kapanua mabawa, manyoya yake yanalowana akizama ndio maana lazima ayaanike. Mbizi anafanana naye ila shingo ndefu nyembamba na mdomo umechongoka, akiogelea kinaonekana kichwa na shingo tu. Kwarara weupe wenye kichwa cheusi. Korongo mweusi ambaye mdomo wake una uwazi katikati haukutani, waambie watoto wamtazame anavyotoa konokono kwenye gamba, huo mdomo kazi yake ndio hiyo. Yangeyange wenyewe wako wa aina zaidi ya moja, wafundishe kuangalia miguu, kuna mmoja mdogo mwenye miguu myeusi na vidole vya njano, akiruka vile vidole vinaonekana kabisa. Na msingwe, yule wa kahawia mwenye kishungi cha kwenda nyuma, anajenga kiota kikubwa cha vijiti kwenye mti mpaka mtu mzima anaweza kusimama juu yake kisibomoke, mlango uko chini. Kama kuna mti wenye hicho kiota hapo karibu anzia hapo, watoto watauliza maswali saa nzima.

Kitu kingine ni mwanga. Luchelele inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi ukiangalia ziwani jua liko mgongoni kwako na rangi zote zinaonekana vizuri, ukienda jioni jua linakupiga usoni na kila ndege anakuwa mweusi. Uwe umeshafika saa kumi na mbili na nusu. Ikifika saa nne hivi upepo wa ziwani unaanza, mafunjo yanayumba na ndege wadogo wanajificha, hapo mnafunga mnarudi kunywa chai.

Sangara_Kirumba

Mi naona mnampa mwalimu moyo tu. Nimeangalia ndege ziwa hili miaka mingi na nasema wazi, idadi ya mwezi wa kumi na moja na ya mwezi wa saba hazifanani hata kidogo. Novemba unasimama sehemu moja unahesabu aina mpaka daftari linajaa, kiangazi unarudia wale wale. Kama nia ni watoto waone ndege wengi kwa mpigo basi afadhali awapeleke Mwaloni Kirumba asubuhi samaki wakishushwa, marabu na mwewe na kunguru kibao mpaka juu ya mabati. Au aombe kibali aende yale mabwawa ya majitaka Butuja, wenzetu wanaofuatilia ndege dunia nzima wanapenda mabwawa ya majitaka sababu maji yametulia na vyakula vimejaa.

Furukombe_Mkuyuni

@Sangara_Kirumba mkuu kwa idadi nakubaliana na wewe, sibishi. Ila watoto ishirini kwenye mabwawa ya majitaka mi hapana, na Mwaloni asubuhi ile kuna magari ya mizigo na watu wanakimbizana na matenga, mwalimu atahesabu watoto badala ya ndege. Kuna kitu kimoja cha kitaalamu pia kinachofanya huo ufukwe wa Luchelele uwe darasa zuri. Ghuba hii yetu ya Mwanza watafiti walimfuatilia mdiria, yule mweupe na mweusi, wakaona kwamba zamani alikuwa anakula furu kwa wingi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, sangara alivyopandikizwa ziwani miaka ya 1950 na baadae akaongezeka sana miaka ya 1980 furu wakaisha, mdiria akahamia kwenye dagaa. Na kwa sababu dagaa ni mdogo ikabidi avue wengi zaidi kwa siku apate kushiba. Mnandi naye hivyo hivyo, alibadilisha chakula. Sasa mtoto wa Mwanza anamjua sangara, anamjua furu, dagaa kala jana usiku, ukimwonyesha mdiria anavyovua ukamweleza hiyo habari anaelewa ziwa lake lilivyobadilika, hauhitaji ndege wa kutoka Ulaya hapo.

Nesi_Butimba

Habari Madam. Mi nachangia upande wa afya tu, ndege nawaacha kwa wataalamu. Huko kwenye mafunjo na magugu maji ambako maji yametulia ndiko konokono wa kichocho wanakokaa, na kichocho hakingoji mtoto aogelee, akisimama tu kwenye maji mpaka kwenye vifundo vya miguu vijidudu vinapenya ngozi. Vinatoka kwa konokono kwa wingi jua likishapanda, kuanzia saa nne mpaka alasiri ndio mbaya zaidi, lakini asubuhi sio ruhusa ya kuingia majini pia. Kandambili hazisaidii. Mtoto asiye na buti za mvua akae kwenye tuta la jaruba, asishuke.

Akitokea mmoja kaingia majini usisubiri aanze kutoa damu kwenye choo, mwambie mzazi, mwende kituo cha afya mueleze, na msishangae mkiambiwa mrudi baada ya wiki kadhaa kwa sababu dawa inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaweza kuponyoka. Na kofia, maji ya kunywa kila mtoto na chupa yake, na mafuta ya kufukuza mbu maana asubuhi ile mbu bado wapo. Asante kwa kuwajali watoto wetu.

Mvuvi_Mstaafu

Mwanangu mwalimu shikamoo za watoto nazipokea. Mimi nimevua maji hayo tangu enzi za karabai, sasa hivi vijana wanatumia taa za sola. Nikushauri mambo ya huku kwetu.

Angalia mwezi kabla hujapanga siku. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika kwa sababu dagaa hawaji kwenye taa. Ukija asubuhi ya siku za giza utakuta mitumbwi imerudi na dagaa wanaanikwa, hapo yangeyange na mwewe na kunguru wanakuja wenyewe, akina mama wanawafukuza na fimbo siku nzima. Ukija mbalamwezi ufukwe umekaa kimya, ndege wametawanyika.

Usije bila kupita kwa mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, sio kwamba watakukatalia, ila mgeni akionekana na kundi la watoto wanaandika andika kwenye madaftari watu wataanza kuuliza kama ardhi inapimwa. Ukishawaambia watakupa kijana wa kuwatembeza, na huyo ndiye anajua mamba alionekana wapi mara ya mwisho. Msisimame kwenye ukingo wa maji mahali ambapo mitumbwi haitui. Na ukiona njia pana imelala kwenye mafunjo inashuka majini usiifuate, hiyo ni ya kiboko, usiku anatoka kula nyasi na alfajiri anarudi.

Mwaka 2024 ziwa lilijaa sana likameza ufukwe mwingi, baadhi ya sehemu nilizozijua tangu utoto zilienda na maji. Kwa hiyo usiende kwa kukariri, mwulize anayekaa pale leo.

Na hao watoto wa huku wenye manati usiwafukuze. Wao ndio wanajua kila kiota kiko wapi. Mpe mmoja daftari na kalamu aongozane na watoto wako, manati aiache kwa kijana wa BMU, utaona kazi yake.

Madam_Nyamagana

Shikamoo mzee wangu, na wote mliochangia nashukuru mno, nimesoma mara mbili mbili. Nimeamua tunaenda kiangazi hiki hiki. Nimeshampigia mwenyekiti wa mtaa kakubali, na tumepanga wiki ya giza kama mzee alivyosema. Watoto nitawagawa makundi manne kila kundi na mtu mzima wake, wazazi wawili wamejitolea. Swali langu la mwisho, je tutembee muda wote au tukae sehemu moja? Na nivae nini, maana mmoja kaniambia nguo nyeupe hazifai.

Furukombe_Mkuyuni

Tembeeni kidogo kwenye matuta ya majaruba afu mkae. Kukaa ndio kazi yenyewe Madam, ndege anakimbia mtu anayemjia, ila mtu aliyekaa anamzoea baada ya muda na anarudi kwenye shughuli zake, dakika ishirini za kukaa kimya mbele ya mafunjo zinakupa zaidi ya saa mbili za kuzunguka. Nguo za kijani, kahawia, kijivu, yoyote iliyofifia. Sare nyeupe za shule waziache nyumbani. Na usiwape orodha ya majina mapema, waache kwanza wachore wanachokiona, rangi ya mdomo, rangi ya mguu, anakula nini, majina mtatafuta jioni. Kwenye simu kuna programu ya bure inaitwa Merlin, ukipakua faili la ndege wa Tanzania nyumbani kabla ya kutoka itafanya kazi hata bila bando.

Sangara_Kirumba

Msimamo wangu wa Novemba haujabadilika ila hawa watoto hawawezi kwenda mikono mitupu nikiwa na darubini ndani. Madam nina moja ya 8x42, ya zamani lakini kioo kizima, nichek inbox nikuazime. Wafundishe kuvaa kamba shingoni kwanza kabla ya kitu chochote, na wasiangalie jua nayo hata kwa sekunde, macho hayarudi.

Madam_Nyamagana

MREJESHO

Wakuu tumeenda na tumerudi salama, hakuna aliyeingia majini, nesi wangu moyo utulie. Nimechelewa kuandika kwa sababu wazazi wamenipigia simu wiki nzima wanauliza mlimfanya nini mtoto maana anataka kuamka saa kumi na moja.

Tulifika bado kuna kiubaridi, mitumbwi ndio inaingia. Pale kwenye vichanja vya dagaa peke yake tulikaa nusu saa, yangeyange walikuwa wanatembea katikati ya akina mama hawaogopi, na kitoto kimoja cha darasa la tano kikagundua wale wenye vidole vya njano kwenye miguu myeusi bila kuambiwa, kikapiga kelele ndege wote wakaruka, tukaanza upya.

Mdiria ndio aliyewashika. Alikuwa anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga haraka ila kichwa kimetulia hakitikisiki kabisa, anachungulia chini, afu anajitupa. Akikosa anapanda tena. Akipata anakwenda kwenye kigingi cha mtumbwi anampiga samaki kwenye mti mara kadhaa, huku, huku, afu anammeza kwa kichwa. Tulikuwa karibu kiasi kwamba sauti ya kumpiga tunaisikia. Binti mmoja kwenye darubini akasema madam hawa sio sawa, huyu ana mistari miwili meusi kifuani na yule ana mmoja umekatika katikati. Nikaangalia kwenye simu jioni, ni kweli, wa mistari miwili ni dume na wa mmoja ni jike. Nikawaeleza ile habari ya furu na sangara kama mkuu alivyoandika, kimya kabisa, afu mmoja akauliza kwani furu wakirudi mdiria naye atarudi kuwala? Nimeshindwa kumjibu, nauleta hapa.

Kwenye magugu maji tukamkuta ndege wa kahawia mwekundu mwenye kipaji cha buluu na vidole virefu ajabu, anatembea juu ya majani ya yungiyungi hazami, yule kijana wa hapo aliyetuongoza anawajua vizuri akatuambia tusisogee. Tukakaa. Afu tukaona chini ya mabawa yake inaning'inia miguu, miguu mirefu myembamba zaidi ya miwili, nikadhani ameumia. Kijana akacheka akasema amebeba watoto. Alipofika mbele akalegeza mabawa vikadondoka vifaranga viwili vikaanza kutembea vyenyewe. Nilikuwa sijawahi kuona kitu hiki maisha yangu yote na nimezaliwa ziwani.

Furukombe tulimsikia kabla ya kumwona, walikuwa wawili wanaitikiana, kila mmoja anarusha kichwa nyuma akilia. Korongo wa mdomo wenye uwazi walikuwepo kwenye majaruba, magamba ya konokono tumeokota mfuko mzima tukaosha, tutayapanga darasani.

Maswali mawili. La kwanza, ndani ya mafunjo kuna ndege mgongo mweusi kifua chekundu cha damu, tumemsikia anapiga mluzi na mwingine anajibu kwa sauti ya kukwaruza, mmoja wa wazazi kasema huyo ni adimu anapatikana kwenye mafunjo tu. Ni kweli? La pili limeniuma, upande wa kushoto kuna mtu amechoma mafunjo eneo kubwa tu, bado majivu yapo, kijana anasema wanataka kulima mboga. Watoto waliuliza ndege waliokuwa humo wameenda wapi. Hili linaruhusiwa kweli?

Furukombe_Mkuyuni

Dah Madam, mrejesho wa maana huu. Yule aliyebeba watoto anaitwa sile, na huyo uliyemwona karibu kwa hakika ni baba. Kwa sile jike anazaa na madume kadhaa, akishataga anaondoka, dume ndio anaatamia na kulea, na mvua au hatari ikija anawakumbatia chini ya mabawa anakimbia nao. Waambie watoto hilo.

Swali la yule mtoto kuhusu furu, mwambie aina fulani za furu zimeanza kuonekana tena kwa wingi baada ya sangara kupungua kwa kuvuliwa sana, na mdiria anakula anachokipata cha saizi yake, kwa hiyo jibu lipo humo humo majini, aendelee kumwangalia mdomoni ana nini. Kwa mtu mwenye daftari huo ni utafiti kamili.

Kuhusu yule mwekundu. Wako wawili wanaofanana. Mmoja kichwa chote cheusi na bawa lote jeusi, huyo ni wa kawaida huku kwetu, yupo mpaka kwenye bustani za Capri Point na Isamilo, na mafunjo anaingia pia. Mwingine utosi wake una njano na bawani ana mstari mweupe, huyo ndiye wa mafunjo peke yake, mafunjo yakikatwa hana pa kwenda. Wote wawili wanaitikiana dume na jike. Kwa hiyo angalieni michoro ya watoto, kama kuna hata mmoja aliyechora mstari mweupe kwenye bawa au njano kichwani nitumie hiyo picha leo leo.

Madam_Nyamagana

Nimepitia madaftari yote sasa hivi. Waliomchora ni sita na wote wamepaka kichwa cheusi na bawa jeusi, hakuna nyeupe hata moja. Basi ni yule wa kawaida. Nimefurahi hata hivyo, wamechora wanachokiona kweli.

Mwanasheria_Ilemela

Madam kwenye hilo la kuchoma, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya hapo. Kulima mboga kwenye mafunjo yaliyochomwa kando ya maji kunaingia humo. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisa mazingira wa halmashauri, kwa maandishi, weka picha na tarehe, nakala baki nayo. Usiende kugombana na mkulima, wengi wanalima pale kwa sababu ndio sehemu yenye unyevu kiangazi na hawajawahi kuambiwa chochote. Na tusisahau faida ya mafunjo kwetu wenyewe, yanachuja uchafu na tope linaloshuka kutoka mjini kabla halijaingia ziwani, na maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwa hili hili.

Tanzania ina maeneo manne ya ardhioevu yaliyo kwenye orodha ya Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, Malagarasi Muyovozi, Ziwa Natron, bonde la Kilombero na Rufiji Mafia Kilwa, ziwa letu halina hata moja. Kwa hiyo mafunjo ya kwetu yanalindwa na sheria za kawaida na watu wa mtaa tu, hakuna mwingine atakayekuja.

Mvuvi_Mstaafu

Mwalimu nimemwona mwenyekiti leo asubuhi nikampa habari ya moto. Amesema atapita na watu wa BMU waongee na mwenye shamba. Yaandike na wewe kama mwanasheria alivyosema, maneno ya mdomo huku yanasahaulika mvua ikinyesha. Mafunjo yenyewe yakiachwa yanachipua, mizizi haifi kwa moto mmoja, kinachoyaua ni jembe. Kwa hiyo bado kuna muda kabla hajaanza kuchimba matuta.

Madam_Nyamagana

Asante mzee wangu, barua nimeshaianza, watoto wanataka kusaini wote na kuambatanisha mchoro wa sile. Na nimeamua tutarudi sehemu ile ile Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi, nimeona ndio Siku ya Ndege Wahamao Duniani, asubuhi moja tu haitaharibu mitihani. Watakuwa na orodha yao ya kiangazi mkononi, wataangalia nani ameongezeka. @Sangara_Kirumba darubini nakurudishia kesho jioni, nimeifuta kwa kitambaa laini.

Sangara_Kirumba

Kaa nayo mpaka hiyo mwezi wa kumi Madam. Na mimi nakuja siku hiyo, niwaonyeshe hao kitwitwi.